Honi, spika ya kuburuta na redio ya memori: vyombo vya injili vilivyopimwa kwa vijiji vya Kigoma

Ukiingia duka la vyombo pale Mwanga, Kigoma, ukasema unatafuta vifaa vya mkutano wa injili, swali la kwanza litakuwa: wati ngapi? Swali hilo halikusaidii. Kwa mwinjilisti anayepanda boti kwenda Mwamgongo au bodaboda kwenda Kalinzi, maswali ni mengine. Nani atakibeba? Kitakula umeme kiasi gani? Mtu wa safu ya nyuma atalisikia neno la mwisho la sentensi? Na watu wakishatawanyika, kijijini kitabaki nini? Kwa maswali hayo manne tumevipitia vyombo vitatu ambavyo makanisa mengi huishia kuchagua kati yake: seti ya honi (spika yenye umbo la tarumbeta) ya volti 12, spika ya kuburuta yenye betri ndani, na redio ndogo ya memori iliyowekwa Biblia ya sauti.

Msimamo tuutoe mapema, msomaji asiutafute hadi mwisho. Honi ni ya kuita, redio ni ya kukaa. Kanisa lenye fedha ya kununua aina moja tu lianze na redio, hata kama vijana wa kwaya watanuna.

Seti ya honi ya volti 12

Seti ya kawaida ina honi mbili za alumini, amplifaya ndogo yenye tundu la flashi, maiki moja ya waya na vipande vya waya ambavyo mara nyingi havifai, kama tutakavyoona. Betri hununuliwa kando. Vyote, pamoja na betri kavu ya Ah 7 (Ah ni ampea kwa saa, kipimo cha akiba ya betri), vinaenea kwenye kiroba kimoja nyuma ya bodaboda, na nafasi ya mhubiri inabaki.

Honi inalishinda boksi uwanjani kwa sababu ya namna inavyotumia umeme. Honi nzuri ikipewa wati 1 hutoa desibeli 105 hadi 110 ukiwa mita 1 mbele yake, ilhali spika ya boksi kwa wati hiyohiyo hutoa 90 hivi. Pengo la desibeli 15 maana yake boksi linadai umeme mara thelathini ndipo lilingane. Sauti nayo hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Honi inayotoa desibeli 120 ukiwa mita 1 mbele yake itafika mita 100 ikiwa na 80, bado juu sana ya mazungumzo ya kawaida ambayo ni kama 60. Kwenye uwanja wa mpira wa kijiji usio na upepo, mahubiri husikika neno kwa neno hadi mita 150. Mbali zaidi ya hapo watu hujua tu kwamba kuna mkutano.

Honi haina besi. Sauti yake inaanza kuwa na nguvu kwenye hezi 300 na kuishia karibu na 6000. Herufi zinazotenganisha neno na neno, akina s, f, t na k, nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 2000, kwa hiyo hotuba hutoka safi. Kwaya itasikika kama inaimba ndani ya debe. Wanaotaka kinanda kisikike kama kanisani wasinunue honi, na wanaotaka Injili isikike wasiitupe honi kwa sababu ya kinanda.

Sasa tuje kwenye stika. Amplifaya za aina hii huandikwa wati 500, hata 1000. Igeuze nyuma utazame fyuzi. Fyuzi ya ampea 5 kwenye volti 12 inapitisha wati 60, na haiwezekani ziingie 60 zitoke 1000. Tena, amplifaya ya volti 12 isiyo na transfoma ndani haisukumi zaidi ya wati 8 hivi kwenye mzigo wa ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa kuwa volti zenyewe hazitoshi. Yenye transfoma hufika 30 hadi 60. Huna haja ya kuifungua ili ujue: inyanyue. Yenye transfoma ina uzito unaoelemea upande mmoja, na nyuma ina skrubu za kuungia waya zilizoandikwa 4, 8, 16, pengine na 100V. Ikiwa nyepesi kama sahani ya plastiki, stika iseme lolote, ni wati 8. Hata hizo 8 kwenye honi zinamtosha mhubiri wa watu 100 sokoni, kwa hiyo tatizo si udogo wake. Tatizo ni kulipia 1000.

Honi nyingi ni za ohm 16. Mbili zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa ohm 8, nawe unaunga kwenye skrubu ya 8. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kugeuza waya za honi moja. Zote zitalia na fundi ataridhika, lakini katikati ya uwanja, walikoketi watu wengi, sauti ya honi hii inaifuta ya ile. Tembea mbele kutoka kushoto kwenda kulia huku mtu akihesabu kwenye maiki. Ukikuta katikati kumekonda kuliko pembeni, geuza waya za honi moja, basi.

Waya zinazokuja na seti ni nyembamba kama za simu ya mezani. Mita 20 za waya kama huo zina ukinzani wa zaidi ya ohm 3 kwenda na kurudi, hivyo karibu theluthi ya nguvu huishia kupasha waya joto. Nunua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule mafundi wanaofungia taa za nyumba: kwa mita hizohizo 20 unapoteza nusu ohm tu. Waya wa kutoka kwenye betri uwe mfupi zaidi ya wote, mita 1 ikitosha. Amplifaya ikae jirani na betri, na urefu uwe upande wa honi. Wengi hufanya kinyume, betri ikibaki ndani ya gari, halafu wanashangaa amplifaya inazima kila mhubiri anapopandisha sauti.

Hesabu ya betri si ngumu. Amplifaya ya wati 30 kwa hotuba tupu hula ampea 1.5 hadi 2 kwa wastani, maana mtu huvuta pumzi na hunyamaza. Betri za risasi, kama hiyo kavu na ya gari, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ah 7 inakupa basi karibu saa mbili, na Ah 50 ya gari inakupa saa kumi na mbili au zaidi. Ukipiga muziki mfululizo kabla ya mahubiri, gawa kwa mbili. Kibebe kipima umeme cha bei nafuu: betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.7, nusu ni 12.2, na ikifika 11.8 mashine ikiwa inafanya kazi, acha kuhubiri kwa mashine, hubiri kwa mdomo. Paneli ya wati 20 kwa siku ya jua la kiangazi inarudisha Ah 6 hivi, ambazo zinatosha mkutano mmoja wa jioni kwa betri ndogo. Wakati wa masika usiitegemee.

Kuzisimamisha kuna mpangilio wake. Mti au mlingoti uwe wa mita 2.5 hadi 3, honi ziinamishwe kidogo zimtazame mtu wa safu ya mwisho, na midomo ipanuke kama herufi V ya wazi, isitazamane kamwe. Mhubiri asimame nyuma ya honi, mita 3 au zaidi. Kuna wanaopenda kusimama mbele ili waonekane, na hapo ndipo mluzi unapoanzia: maiki inasikia honi, honi inarudia maiki, na mkutano mzima unaziba masikio. Mluzi ukianza, usikimbilie kuishusha amplifaya nzima. Mwambie aliyeshika maiki atoe kiganja kwenye wavu wake, maana kuukumbatia wavu kwa mkono ndiyo sababu ya kwanza, kisha aisogeze karibu na mdomo, vidole vinne tu. Akiishika kifuani atakulazimisha kuongeza volyumu, na mluzi utarudi.

Watoto lazima waondolewe chini ya honi. Kijijini wao hufika wa kwanza na kukaa palepale penye maajabu. Mita 1 kutoka kwenye mdomo wa honi sauti ni kali ya kuumiza sikio, hata mita 10 si mahali pa kumweka mtoto kwa saa nzima. Funga kamba ya kuwazuia na umpe mtu mzima kazi hiyo moja tu.

Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, ambako Kiha ndicho lugha ya nyumbani, mkutano mzuri huwa na mkalimani. Nunua maiki ya pili, usimtegemee mhubiri kupokezana. Kila maiki inayobaki wazi bila msemaji inaongeza hatari ya mluzi, hivyo asiyesema azime yake kwa swichi. Mhubiri akate sentensi kwenye maneno saba hadi kumi. Wahubiri waliozoea mjini hutoa aya nzima, mkalimani akabaki na nusu yake, na nusu hiyo ndiyo inayofika kwa bibi aliyekaa chini ya mwembe.

Kinachokufa kwanza kwenye honi ni yuniti ya nyuma, hasa koili yake. Huungua kwa njia mbili. Ya kwanza ni amplifaya ndogo kuzungushwa hadi mwisho mpaka sauti ikawa ya kupasuka. Mpasuko huo ndio unaopasha koili moto. Ya pili ni kinanda au muziki wa flashi wenye besi nzito ambayo honi haiwezi kuitoa, ila koili inaihangaikia. Dawa yake ni ya bei ndogo: mwambie fundi aunge kapasita isiyo na polariti ya mikrofaradi 33 kwenye waya mmoja wa kila honi ya ohm 16. Itazuia yaliyo chini ya hezi 300 na sauti ya mtu haitaguswa. Kabla ya kununua seti, uliza kama yuniti za akiba zinauzwa peke yake. Kama hakuna, siku koili ikiungua honi yako itakuwa pambo.

Zikihifadhiwa, midomo itazame chini. Nyigu wa udongo wanapenda sana shingo ya honi.

Ufukweni kuna mambo yake

Vijiji vya ziwani, kuanzia Kagunga mpakani hadi vile vya kusini ya Ilagala, vinataka ratiba tofauti na ya bara. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka, hewa ya baridi ikiteremka kutoka milimani kuelekea majini. Sauti huenda na upepo. Mkutano wa saa tisa alasiri, honi ziwe upande wa maji zitazame mlimani. Mkutano wa usiku, zigeuze. Ukiusahau upepo unapoteza theluthi ya uwanja, na hakuna wati itakayoirudisha.

Kisha kuna mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi giza likiwa nene, taa zao zikiwavuta samaki, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Ukipanga mkutano wa siku tatu kwenye giza, utahubiria wanawake wanaoanika dagaa na wanaume waliolala. Pangia siku za mwezi mpevu. Hili halimo kwenye karatasi ya maelekezo ya honi yoyote, lakini linaongeza wasikilizaji kuliko honi ya tatu.

Taarifa ya mkutano wa hadhara hupelekwa polisi kwa maandishi angalau saa 48 kabla, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Kanuni za mazingira za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinahesabu usiku kuanzia saa nne, na honi ndiyo chombo kitakachokufikisha kwenye malalamiko haraka kuliko vyote, kwa kuwa kazi yake ni kuvuka mipaka ya uwanja. Ujiji na maeneo mengine yenye Waislamu wengi, zima mashine wakati wa adhana na uiwashe baada ya swala. Huo si woga. Barua ya kwanza ya Petro, sura ya 3, inaposema kuhusu kutoa sababu ya tumaini letu inaweka sharti la upole palepale. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878 na White Fathers mwaka uliofuata, kwa hiyo mji ule si mgeni wa kuhubiriwa. Jirani aliyekasirishwa na honi wakati wa magharibi hatakufungulia mlango asubuhi.

Spika ya kuburuta

Hii haitatuchukua muda. Ni boksi refu la plastiki lenye matairi mawili, mkono wa kuvutia, taa za rangi, bluetooth na maiki mbili zisizo na waya. Dukani inavutia kuliko vyote. Ndani ina betri ya Ah 4.5 au 7, na maandishi ya saa sita za kucheza yamehesabiwa kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya mkutano tegemea saa mbili. Matairi ni ya sakafu ya vigae. Kwenye mchanga wa Kibirizi yanachimba mfereji na kugoma. Besi yake husafiri mbali usiku kuliko maneno, hivyo jirani wa mita 300 hupata kishindo bila ujumbe. Maiki zake zisizo na waya zinagongana na za seti nyingine ya aina hiyohiyo, na hilo hutokea kila makanisa mawili yanapounganisha mkutano.

Inafaa ndani: ibada ya nyumba kwa nyumba, darasa la kipaimara, kikundi cha watu 60 kwenye kanisa la tofali. Kwa kazi hiyo ni nzuri, na kwaya itafurahi. Uwanjani isipelekwe.

Redio ya memori

Inajulikana hata na asiyejua jina lake: kiboksi cha plastiki cha ukubwa wa nusu tofali, tundu la memori kadi na la flashi, FM, tochi ubavuni, na betri bapa ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia za zamani. Iko madukani Kigoma na Tabora, minadani hadi Urambo na Kaliua. Hakuna anayeiona kuwa chombo cha injili, ndiyo maana huingia kila nyumba bila kelele.

Tuanze na umeme. BL-5C halisi ina mAh 1020. Redio kwa sauti ya kati hula mA 120 hadi 200, yaani saa tano hadi nane. Zile zenye kipaneli cha sola mgongoni zinahitaji maelezo ya ukweli: jua likiwa kali kipaneli hicho hutoa mA 80 hivi, hivyo betri tupu inadai zaidi ya saa 13 za jua kamili. Hesabu siku mbili au tatu. Na kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa mwa saa ya Afrika Mashariki, jua linakuwa utosini karibu na saa saba mchana, si saa sita. Saa za kuchaji ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Anayeiweka nje saa kumi na mbili alfajiri na kuiingiza saa sita ameitoa kwenye jua kabla ya nusu bora ya siku. Isiwekwe juu ya bati: betri za lithiamu huvimba kwa joto, na ukiona mfuniko wa nyuma umetuna, betri hiyo itupwe. Iwekwe kwenye kigoda au mkeka, paneli ikitazama juu.

Sehemu inayovunjika kwanza ni tundu la chaji. Mfundishe mtunzaji kushika redio kwa mkono mmoja na kuchomeka kwa mwingine, bila kuizungusha pini. Ya pili ni antena, ambayo haituhusu.

Kazi halisi iko kwenye kadi, na hapa makanisa mengi hukosea. Redio hizi husoma kadi za mfumo wa FAT32, namna mojawapo ya kupanga mafaili kwenye kadi. Kadi ya GB 64 na kuendelea huja na mfumo mwingine, na redio itakaa kimya kama haikuona kitu. Nunua ya GB 4 au 8. Agano Jipya lote la sauti, sura 260, lina zaidi ya saa 20. Ukihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kila saa inachukua MB 29, hivyo Agano zima halifiki GB 1. Ubora wa juu zaidi ya huo unapotea kwenye spika yenye upana wa kisosi.

Redio hizi haziangalii majina ya mafaili. Zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliingia kwenye kadi. Ukinakili kwa simu folda nzima kwa mkupuo, simu inaweza kuyapanga itakavyo, na kikundi cha wasikilizaji kikamsikia mwana mpotevu akirudi nyumbani kabla Yesu hajazaliwa Bethlehemu. Tumia kompyuta. Fomati kadi upya, yape mafaili majina yanayoanza na tarakimu tatu, 001, 002, 003, yapange kwa majina, kisha nakili kitabu kimoja baada ya kingine ukisubiri cha kwanza kikamilike. Ukikosea katikati usifute faili moja na kuliweka upya, maana litaingia kwenye pengo lolote lililo wazi. Fomati, anza tena. Kisha sikiliza mwanzo wa sura tano za kwanza kwenye redio yenyewe, si kwenye kompyuta.

Sauti za Kiswahili hupatikana bure kwa programu ya Bible.is. Za Kiha zipo kwa Global Recordings Network, shirika lililoanzishwa Los Angeles mwaka 1939, linaloshughulika hasa na lugha zenye maandishi machache. Soma masharti yao kabla ya kunakili, na usiuze kadi. Kuhusu tafsiri, ile ya Muungano ya mwaka 1952 ni nzuri masikioni mwa aliyekulia kanisani, lakini kwa asiyewahi kuisikia, Kiswahili chake kina maneno mengi ya kumkwamisha. Ukipata tafsiri nyepesi kwa sauti, tanguliza hiyo. Na usijaze kadi. Weka Marko peke yake kwanza, sura 16, watu waimalize wakiwa na hamu. Kadi yenye kila kitu husikilizwa sura tatu za Mathayo, ukoo na yote, kisha redio inarudi kwenye mpira.

Tofauti yake na honi inaonekana kwenye matumizi. Redio inasikika vizuri nje kwa mita 6 hadi 8, kwa hiyo kikundi kisizidi watu 15 au 20, wakikaa nusu duara. Cheza dakika kumi, zima. Mmesikia nini? Kipi kigumu? Nani utamsimulia? Cheza tena kipande kilekile, maana aliyesikia mara moja amesikia nusu. Maswali hayo yanadai mtu, na mtu huyo ndiye gharama halisi ya chombo hiki. Katika Matendo sura ya 8 Mwethiopia alikuwa na maandiko tayari mkononi, na bado Filipo alipanda garini akaketi naye. Redio iliyoachwa bila mtu wa kuketi ni kadi ya bongo fleva inayosubiri mwezi uishe. Ndivyo inavyokuwa: kadi hutolewa, hufutwa, hujazwa nyimbo. Wengine huigundisha kwa gundi. Hatushauri, kwani kadi ikiharibika redio nzima imekufa. Afadhali mtunzaji awe na kadi ya akiba nyumbani, na mwinjilisti apite kila baada ya wiki nne akiwa na nyingine ya kitabu kinachofuata. Kadi mpya ndiyo inayofanya ile ya zamani isifutwe, kwa kuwa watu wanajua kuna mwendelezo.

Vipo vicheza sauti vilivyotengenezwa kwa kazi hii tu, kama Proclaimer ya Faith Comes By Hearing la Marekani, chenye paneli ya sola na mkono wa kuzungusha, na maandiko yake hayafutiki. Ni kigumu kuliko redio ya mnadani na sauti yake inatosha kundi kubwa. Kasoro yake kwetu ni kwamba huipati dukani, hupitia kwa mashirika na makanisa shirika, na kikiharibika fundi wa Mwanga hana kipuri chake. Redio ya memori ikifa, nyingine ipo kesho.

Anayefikiria projekta ya filamu ya maisha ya Yesu ajue jambo moja kabla ya bei: Kigoma jua huzama karibu na saa moja jioni, kama dakika arobaini baada ya Dar es Salaam. Picha haionekani kabla ya saa moja na nusu, filamu inachukua karibu saa mbili, na saa nne usiku mashine inatakiwa kuwa kimya. Hakuna nafasi ya kwaya nne za utangulizi.

Ukiwa dukani

Kwa honi, nenda na betri yako iliyojaa. Usijaribu kwa umeme wa dukani, maana huo unaficha udhaifu wa amplifaya. Unga honi zote mbili, zungusha sauti hadi robo tatu, mtu asome orodha ya majina kwenye maiki huku wewe ukisimama ng'ambo ya barabara, pikipiki zikipita. Ukishindwa kutofautisha Sita na Fita, Tano na Kano, rudisha. Acha ifanye kazi dakika ishirini kisha shika mgongo wa amplifaya: ya moto ni sawa, ya kutoshikika si sawa. Kwa redio, nenda na kadi yako iliyopangwa tayari, icheze, izime katikati ya sura, iwashe tena. Inayoendelea palepale ilipoishia nunua. Inayorudi mwanzo wa faili la kwanza kila inapowashwa iache hukohuko, kwa sababu kijijini watasikia Marko 1 hadi waikariri na wasifike Marko 2.

Betri za BL-5C za akiba nunua mbili kwa kila redio. Zipime uzito mkononi: ya bandia ni nyepesi na stika yake hujikunja kwenye kona.